Umekabidhiwa nyumba ya kihistoria: maswali ambayo wahifadhi wapya huuliza mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mhifadhi aliyepewa funguo za nyumba ya kihistoria iliyogeuzwa makumbusho, yaani nyumba alimoishi mtu au familia fulani na ambayo kuta, milango na sakafu zake ni sehemu ya mkusanyo sawa na kiti kilichomo ndani. Katika jengo lililojengwa kuwa makumbusho unaweza kutoboa ukuta ukatundika picha. Hapa ukuta wenyewe ndio kitu kikubwa kuliko vyote unavyovitunza, na majibu mengi hapa chini yanatokana na jambo hilo.

Wiki ya kwanza nianzie wapi?

Anza na yale yanayoweza kuiangamiza nyumba kwa usiku mmoja. Tafuta koki kuu ya maji na ujue inafungwaje. Koki ambayo haijaguswa kwa miaka hukwama, na ikikataa usiilazimishe, mwite fundi bomba kabla haijakatikia mkononi. Tafuta swichi kuu ya umeme. Jaribu kengele ya moto, kisha uulize ikilia usiku husikika na nani.

Halafu hesabu funguo. Andika kila ufunguo unafungua wapi, nakala ziko ngapi na ziko kwa nani. Kama kuna funguo zisizojulikana ziko wapi, ongeza kufuli jipya, lakini kitasa cha asili kibaki mahali pake hata kama hakitumiki tena.

Piga picha kila chumba kabla hujagusa kitu: kila ukuta, dari, sakafu, na nyingine kutoka kila pembe. Picha hizi zitakuokoa baada ya miezi sita, mtu atakapokuambia kwamba ufa ule haukuwepo ulipofika.

Na usihamishe kitu chochote. Kabati lililokaa pabaya machoni pako huenda limewekwa pale kwa masharti ya wosia, au limesogezwa ili liepuke paa linalovuja, au linaficha ubao wa sakafu uliooza. Mahali kitu kilipo ni taarifa, na ukikisogeza kabla hujaiandika umeifuta.

Mtangulizi wangu anaondoka. Nidai nini kwenye makabidhiano?

Hati iliyoanzisha makumbusho, rejesta ya mkusanyo, hati za zawadi na za vitu vilivyoazimwa, sera ya bima, michoro ya jengo, taarifa za ukarabati uliopita, na nywila zote za kompyuta. Lakini kilicho na thamani kuliko karatasi ni kutembea naye chumba kwa chumba kwa saa mbili hadi tatu, kinasa sauti kikiwa kinarekodi. Muulize: maji huingia wapi mvua ikinyesha sana? Ni kitu gani kimewahi kuvunjika kikaungwa? Kipi si cha nyumba hii ingawa wageni huambiwa ni chake? Ni nani aliahidiwa nini kwa mdomo tu? Maswali hayo hayana fomu, na asipoyajibu yeye utayagundua kwa hasara.

Rejesta ipo lakini hailingani na kilichomo. Hesabu ifanywe vipi?

Hili ndilo litakalokula sehemu kubwa ya mwaka wako wa kwanza. Hesabu hufanywa kwa njia mbili, na zote ni za lazima. Ya kwanza inatoka sakafuni kwenda kwenye rejesta: unaingia chumbani na kuandika kila kitu unachokiona. Ya pili inatoka kwenye rejesta kwenda sakafuni: unachukua kila mstari na kukitafuta kitu chake. Ya kwanza hufichua vitu visivyo na karatasi, na ya pili hufichua vilivyopotea. Ukifanya moja tu, nusu ya tatizo inabaki imejificha.

Fanyeni wawili wawili, mmoja akishika na kupima, mwingine akiandika. Anzeni mlangoni na mzunguke chumba kwa mwelekeo mmoja, kuta kwanza, kisha katikati, mwisho ndani ya makabati na droo. Kwa kila kitu andikeni:

1. namba iliyopo juu yake, jinsi ilivyo, hata kama inaonekana si sahihi;
2. ni kitu gani, kwa neno moja au mawili;
3. kimetengenezwa kwa nini;
4. vipimo kwa sentimita: kimo, upana, kina;
5. maandishi, mihuri na alama za kukitambulisha, pamoja na mahali pa kila mkwaruzo au kiraka;
6. hali yake leo;
7. chumba na mahali hasa kilipo;
8. namba ya picha.

Mambo hayo ndiyo kiini cha kiwango cha Object ID kilichozinduliwa mwaka 1997 ili kusaidia polisi kutambua vitu vya sanaa vilivyoibwa. Alama za kipekee na picha ndizo zinazorudisha kitu. Maelezo kama “kiti cha mbao, kizuri” hayajawahi kurudisha chochote.

Watu wawili wanaofanya kazi kwa utulivu wanaweza kuorodhesha takriban vitu 40 kwa siku. Mkusanyo wa vitu 3,000 basi ni siku 75 za kazi, nje ya siku za wageni. Ipeleke hesabu hiyo kwa bodi mapema, kabla hawajakupangia mengine. Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kutoa namba mpya kwa kitu ambacho tayari kina namba iliyofutika, na kikawa na maisha mawili kwenye vitabu. Kabla ya kutoa namba mpya, tazama chini ya kiti, nyuma ya fremu na ndani ya droo kwa tochi iliyolazwa ubavu. Wino uliofifia huonekana hivyo.

Namba iandikwe wapi, na kwa nini?

Mfumo unaotumika sehemu nyingi una namba yenye sehemu tatu: mwaka kitu kilipoingia, namba ya kundi kililokuja nalo, na namba yake ndani ya kundi hilo. Kwa hiyo 2019.4.12 ni kitu cha 12 katika kundi la nne la mwaka 2019. Kama mwaka wa kuingia haujulikani, usiubuni. Toa namba ya muda yenye herufi mbele mpaka utafiti ukamilike.

Kwenye kauri, kioo na chuma kisichopakwa rangi, paka kwanza tabaka jembamba la Paraloid B-72 (resini ya akriliki isiyo na rangi), takriban gramu 20 za chembe zake kwa mililita 100 za asetoni. Liache likauke, andika kwa wino mweusi wa kudumu, kisha paka tabaka la pili juu. Kusudi ni kwamba namba iweze kuondolewa bila kugusa kitu chenyewe. Usitumie njia hii kwenye plastiki wala kwenye vanishi, kwa sababu asetoni huviyeyusha. Hapo funga lebo kwa uzi wa pamba. Nguo zishonewe utepe wa pamba wenye namba, mishono michache mahali pasipoonekana. Karatasi na picha ziandikwe kwa penseli laini nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Gundi ya utepe wa ofisini isiguse chochote: hugeuka kahawia, huingia ndani ya karatasi na haitoki tena.

Nimekuta vitu visivyo na hati yoyote. Ni vyetu?

Huenda ni vyenu. Huenda pia ni mkopo wa muda mrefu, mali ya ndugu wa familia aliyeviacha “kwa muda”, au fanicha ya ofisi iliyozeeka ikaheshimika. Viandike, vipige picha na uvitunze kama vyenu, ila usiviuze, usivitupe na usiviazime kwa wengine mpaka mwanasheria wa makumbusho apitie sheria za nchi yenu. Ndugu wa familia wakija kudai kitu, usikatae wala usikubali papo hapo. Pokea dai kwa maandishi, toa risiti ya kulipokea, lipeleke kwa bodi.

Nyumba imejaa vumbi. Nianze na usafi mkubwa?

Hapana. Usafi wa pupa umeharibu vitu vingi kuliko vumbi lenyewe. Kitambaa chenye maji hunyanyua rangi na dhahabu ya fremu, dawa ya kung'arisha huacha mafuta yanayokamata vumbi zaidi, na kila mara fedha inaposuguliwa chembe za fedha huondoka pamoja na weusi, hadi nakshi zinapotea.

Tumia brashi ya manyoya laini kusukuma vumbi kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza, ambao umeufunika kwa wavu na kuuweka sentimita chache mbali na kitu. Wavu ni muhimu, kwa kuwa kipande cha nakshi kikibanduka utakikuta pale badala ya kukitafuta ndani ya mfuko wa takataka. Kabla ya kupiga brashi, angalia kwa tochi kama kuna rangi inayoinuka au ubao wa juu unaobanduka. Ukiona hivyo, acha na umwite mtaalamu wa uhifadhi.

Glavu za pamba huteleza kwenye kauri na kioo. Tumia za nitrili, au mikono iliyooshwa ikakauka. Kiti hubebwa kwa fremu ya makalio, si kwa mgongo wala mikono yake, maana hapo ndipo viungo vyake vilipo dhaifu.

Mapazia yafunguliwe wageni waone vizuri?

Madhara ya mwanga hujumlishwa na hayarudi nyuma. Kwa nguo, karatasi, picha za rangi za maji na zulia, kiwango kinachokubalika ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kwa picha za rangi ya mafuta na mbao nyingi ni luksi 200. Mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, isizidi mikrowati 75 kwa kila lumeni (kipimo cha kiasi cha mwanga).

Fanya hesabu. Luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 300 ni luksi-saa 120,000 kwa mwaka. Mahali karibu na dirisha ambapo jua linafikisha luksi 10,000, kiasi hicho chote huisha kwa saa 12. Yaani siku mbili za pazia lililosahauliwa ni sawa na mwaka mzima wa kuonyesha kwa uangalifu. Kwa hiyo mapazia na shata zifungwe mlango unapofungwa, pamoja na asubuhi ya usafi ambayo watu huisahau. Karatasi za kuchuja urujuanimno zikibandikwa kwenye vioo zipimwe tena kila baada ya miaka michache, kwani huchoka. Vioo vya kale vyenye mawimbi visibandikwe kitu; weka kichujio kwenye fremu ya pembeni.

Wageni hulalamika kwamba vyumba vina giza. Waambie sababu mlangoni, kisha panga njia yao itoke kwenye mwanga kwenda gizani kidogo kidogo, macho yapate muda wa kuzoea.

Kuna ukungu na kuta zinabanduka rangi. Tuweke mashine ya kupozea hewa?

Tazama paa kwanza. Panda au mtume fundi aangalie mifereji na milizamu wakati mvua inanyesha, si siku ya jua. Angalia udongo wa nje kama umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani, na maji ya bomba la paa yanaishia wapi. Sehemu kubwa ya unyevu katika nyumba za kale hutoka hapo, na mashine hukausha hewa wakati ukuta unaendelea kunywa maji.

Kisha tazama ukuta ulitengenezwa kwa nini. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mtu akiupiga lipu ya saruji au rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi na kuacha chumvi nyeupe inayopasua uso wa ukuta. Dawa ni kubandua saruji kwa uangalifu na kurudisha chokaa, kazi ya fundi anayeijua chokaa, kisha subira, maana ukuta mnene hukauka polepole sana.

Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70. Kiwango kinacholengwa na makumbusho mengi ni kati ya 40 na 60. Lakini fanicha iliyokaa miaka 100 kwenye asilimia 68 imeshazoea, na ukiishusha ghafla hadi 50 mbao zitasinyaa na kupasuka. Weka vipima unyevu vinavyorekodi vyenyewe katika vyumba vitatu au vinne, kimoja upande wa jua na kimoja chini kabisa, uvisome kwa miezi 12 kabla ya kununua mashine yoyote. Kinachoua mbao ni kupanda na kushuka kuliko kiwango chenyewe.

Wadudu je?

Weka mitego ya gundi kando ya kuta, karibu na milango na nyuma ya makabati, kila mmoja na namba na tarehe. Isome kila mwezi na uandike ni wadudu gani, wangapi, wapi. Unga mpya wenye rangi ya mbao mbichi chini ya tundu la bungua maana yake bado yumo; tundu lenye kingo nyeusi na vumbi la kale huenda ni la zamani. Weka karatasi nyeusi chini yake na uangalie baada ya wiki mbili. Mchwa ni jambo la jengo zima, si la kiti kimoja, na huhitaji mtaalamu haraka.

Nguo na zulia lenye nondo hugandishwa: funga ndani ya plastiki, toa hewa, ziba kabisa, weka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, ili umande utokee nje ya plastiki badala ya juu ya nguo. Usigandishe picha za rangi ya mafuta, kioo, wala fanicha iliyopambwa kwa pembe na ganda la chaza. Na usinyunyize dawa ya dukani ndani ya chumba cha mkusanyo.

Hatari ya moto ni kubwa kiasi gani?

Ndiyo hatari tunayokuomba uiogope kuliko nyingine zote. Uppark, nyumba ya kihistoria Uingereza, iliungua Agosti 1989 mafundi walipokuwa wakichomelea madini ya risasi juu ya paa. Kasri la Windsor, Novemba 1992, lilishika moto kutokana na taa iliyokaribiana na pazia. Clandon Park, nyumba nyingine ya kihistoria Uingereza, Aprili 2015, chanzo kilikuwa hitilafu kwenye bodi ya umeme. Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, iliyokuwa ndani ya kasri la kifalme la zamani, iliteketea Septemba 2018, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mashine ya kupozea hewa. Ni mambo ya kawaida ambayo yapo katika karibu kila nyumba.

Kwa hiyo: mfumo wa umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni mwaka huu wa kwanza. Kazi yoyote ya kuchomelea au ya tochi ya gesi ipewe kibali cha maandishi cha siku hiyo tu, kizimamoto kikiwa pembeni, na mtu abaki akiangalia kwa saa moja au zaidi baada ya kazi kwisha, kwani moto hujificha ndani ya mbao za paa. Ikiwezekana, kazi hiyo ifanyike nje ya jengo. Milango ya ndani ifungwe kila jioni. Mlango wa mbao nzito hununua dakika nyingi.

Andaa orodha ya uokoaji isiyozidi vitu 20 au 30. Kila kitu kiwe na picha, chumba, njia ya kukitoa, idadi ya watu wa kukibeba, na kifaa cha kukifungulia kama kimekazwa ukutani. Nakala moja ikae nje ya nyumba na nyingine ipelekwe kwa zimamoto, ambao waalikwe kuja kutembea ndani. Anayeruhusu mtu kuingia wakati wa moto ni afisa wa zimamoto peke yake. Karatasi zilizolowa huota kuvu ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo ulizia sasa ni friza gani kubwa mnaweza kuitumia siku hiyo.

Tuirudishe nyumba ionekane kama ya mwaka gani?

Swali hili halina haraka hata kidogo, na lijibiwe kwa ushahidi: picha za zamani, barua, orodha za mirathi, tabaka za rangi zilizochunguzwa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema ukarabati lazima ukome pale dhana inapoanza.

Huhitaji kujaza kila chumba. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, ambako msichana huyo Myahudi na familia yake walijificha dhidi ya Wanazi, ilifunguliwa mwaka 1960, na vyumba vya maficho vimebaki bila fanicha kwa matakwa ya baba yake, Otto Frank, kwa sababu vilikombwa baada ya waliojificha kukamatwa. Utupu wenyewe ndio unaosema. Nyumba ya msanifu majengo Sir John Soane mjini London iko upande wa pili: sheria ya Bunge ya mwaka 1833 iliagiza ibaki karibu iwezekanavyo na jinsi alivyoiacha. Kwa hiyo soma hati iliyoanzisha nyumba yako kabla ya kuota mipango. Huenda mkono wako umefungwa tayari.

Samani za kipindi hicho zilizonunuliwa ili kujaza chumba zitambulishwe waziwazi kwamba si za familia.

Waongozaji wanasimulia mambo yasiyo na ushahidi. Niwakataze?

Usiwaaibishe mbele ya wageni. Kaa katika ziara zao kimya, andika kila dai, kisha lipange: lenye hati, la mapokeo ya mdomo, lisilo na msingi. La mapokeo linaweza kusimuliwa kama mapokeo. La tatu liondolewe, na mwongozaji apewe badala yake kisa cha kweli chenye nguvu sawa, la sivyo lile la zamani litarudi baada ya mwezi.

Uliza pia ni nani hatajwi. Nyumba kubwa ziliendeshwa na wapishi, wafuaji, walezi, na mahali pengi watumwa. Huko Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, maonyesho kuhusu Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, yalifunguliwa mwaka 2018, katika sehemu ya jengo ambako hapo awali palikuwa pamegeuzwa vyoo vya wageni. Tafuta majina yao kwenye vitabu vya mishahara, vya ubatizo na vya mahakama.

Tupokee wageni wangapi kwa mara moja?

Mhandisi wa majengo ndiye wa kusema. Kwa viwango vya sasa sakafu ya makazi husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba, na ya makumbusho kwa kilo 300 hadi 500, na nyumba yako huenda haikusanifiwa kwa kiwango chochote. Kundi linalosimama pamoja katikati ya chumba cha juu ndilo zito zaidi, hivyo mwongozaji azungumze karibu na kuta. Visigino vyembamba visiruhusiwe kwenye mbao za kale.

Kuna vitu vinavyoweza kunidhuru?

Ndiyo. Rangi za zamani huwa na risasi. Kijani cha baadhi ya karatasi za ukutani za karne ya 19 kina aseniki, na wanyama waliokaushwa pia. Vioo vya kujitazamia vya kale huenda vina zebaki nyuma. Saa zenye namba zing'aazo gizani huenda zina radiamu, elementi yenye mionzi. Filamu za nitrati zinazotoa harufu kali na kugeuka kahawia zinaweza kuwaka zenyewe; zitenge mbali na nyumba na upige simu kwa zimamoto uwaulize zishughulikiwe vipi. Usikwangue wala kupiga msasa chochote kabla hakijapimwa.

Watu wanaleta zawadi mlangoni. Nizipokee?

Usipokee siku hiyo. Mpe mtu risiti ya muda au fomu ya maombi, uliza kitu kina uhusiano gani na nyumba hii hasa, kisha bodi iamue. Kitu kilichoachwa mezani bila karatasi kitakuwa fumbo la mhifadhi ajaye.

Harusi na upigaji filamu?

Nje, ndiyo, kwa mkataba. Ndani, kwa masharti: hakuna mishumaa, chakula wala divai nyekundu katika vyumba vya mkusanyo, miguu ya kamera ivikwe mipira, taa zisizo na joto, na mfanyakazi wenu awepo dakika zote mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi.

Daftari la kila siku liandikwe nini?

Tarehe, hali ya hewa, aliyefungua na aliyefunga, idadi ya wageni, usomaji wa unyevu, kilichosogezwa na kilikopelekwa, kilichovunjika na vipande vyake viko wapi, nani alikuja kufanya kazi gani na alitoka saa ngapi. Liandikwe kwa penseli au wino usiochuja, kurasa zikiwa na namba, na lipigwe picha kila Ijumaa ili nakala ikae nje ya jengo. Kosa likirekebishwa, lipigwe mstari mmoja na lisifutwe.